Waliomsindikiza Nakijwa

Paukwa!

Pakawa.

Mmeitikia wa mbele peke yenu. Nyie mlioko kule nyuma, sauti zenu hazijanifikia. Haya, tena. Paukwa!

Pakawa.

Hapo sawa. Najua baridi imewashika. Mbonea hapa mbele ananinong'oneza kwamba moto umefifia kwa sababu watu wa nyuma wamezibeba kuni kwenda nazo kwao. Nimekusikia, Mbonea. Neno lako liweke hapo kando, tutalirudia. Kwanza hadithi.

Hapo zamani za kale, wanyama na watu walipokuwa wakilima bega kwa bega na kugombana kwa lugha moja, kulikuwa na kijiji ubavuni mwa mlima. Kijiji hicho hakikuwa na mto, kilikuwa na mfereji. Mababu waliuchimba kutoka kwenye chemchemi juu msituni, wakauteremsha shamba kwa shamba mpaka chini kabisa, mahali palipoitwa mkiani.

Juu, karibu na chemchemi, alikaa Nyati na migomba yake. Shamba lake lilizungushiwa ua wa masale, umepandwa karibu karibu hata kuku asipenye. Chini yake alikaa Nungunungu na viazi vyake, kisha watu na wanyama wengine, mpaka unafika kwa Kiure. Kiure alikuwa mwanamume mwenye mbuzi watano na shamba la maharage. Baada ya Kiure zilibaki nyumba tatu tu, ndizo za mkiani. Ya kwanza ya Nakijwa, mjane, mfinyanzi wa vyungu. Ya pili ya Fuko. Na mwisho wa mwisho, nyumba ya Kaa na watoto wake. Hawa watatu walikuja wakati wa njaa, wakapewa ardhi ambayo hakuna aliyeitaka.

Sasa mfereji ule ulikuwa na adabu yake. Siku ya kuusafisha, Mbega, mpiga mbiu wa kijiji, alipiga pembe, na kijiji kizima kikatoka na majembe kwa kazi ya wote waliyoiita msaragambo. Kila mtu alianzia kwenye mpaka wa shamba lake, akasafisha kwenda chini. Kwenda juu, hapana. Kupanda juu ya shamba lako na kuchungulia kwa mwenzako lilikuwa jambo la aibu kubwa, kama kumchungulia mkwe akioga. Nani aliiweka adabu hiyo? Ukoo wa Nyati. Kwa hiyo kila mtu aliyajua matope ya waliokaa chini yake, na mambo ya waliokaa juu yake hakuyajua hata kidogo. Walizaliwa wakitazama chini, wakazeeka wakitazama chini.

Mwaka mmoja maji yakapungua. Viazi vya Nungunungu vikawa vidogo. Maharage ya Kiure yakageuka manjano. Watu wakaanza kununiana. Mbega akapanda kwenye jiwe lake, akapiga pembe, akatangaza:

"Maji yamepungua. Mkia umeyanywa."

Watu wakageuza shingo wakatazama mkiani. Wakamwona Kaa. Wakasema, ni kweli, Kaa hutoboa kingo za mfereji, na ana watoto wengi, na watoto wale wote wanakunywa.

Mnacheka. Nawasikia mnacheka. Mnajiuliza, aliye mwisho kabisa anayanywaje maji kabla ya aliye mbele yake? Nao walikuwa na akili kama zenu hizo hizo, na wengine walikuwa na akili kuliko zenu. Lakini mtu ambaye maharage yake yanakufa hataki hesabu ndefu. Anataka mtu wa kumkasirikia, na anamtaka awe karibu.

Basi Kaa akafukuzwa. Lakini kijiji kile hakikumfukuza mtu hivi hivi kama mbwa. Walikuwa na desturi ya kumsindikiza. Anayehama, hata akiwa amefukuzwa, huchagua mwenyewe njia ya kuondokea, na kijiji chote humfuata mpaka aweke mzigo chini na kusema, "Inatosha." Atakayegeuka nyuma kabla ya neno hilo, balaa zote za yule anayehama zinamrudia yeye nyumbani kwake. Waliliogopa jambo hilo kuliko simba.

Kaa alishika njia ya kushuka nyikani. Aliona haya mno. Alipofika kwenye kijiwe cha kwanza tu akasema, "Inatosha," na watu wakarudi makwao wakiwa wepesi moyoni.

Mwezi ukapita. Maji hayakuongezeka. Mbega akapanda kwenye jiwe, akapiga pembe:

"Maji yamepungua. Mkia umeyanywa."

Watu wakageuza shingo wakatazama mkiani. Wakamwona Fuko. Wakasema, Fuko huchimba mashimo usiku kucha, maji yataachaje kuzama humo? Wakamsindikiza naye. Fuko alilia njia nzima, na kwenye kijiwe cha kwanza akasema, "Inatosha." Watu wakarudi, ila safari hii hawakurudi wepesi sana.

Mwezi wa pili ukapita. Maji yakazidi kupungua. Mbega akapanda, akapiga pembe:

"Maji yamepungua. Mkia umeyanywa."

Nani amebaki mkiani? Nakijwa. Wakasema, si anakanda udongo? Udongo haukandwi kwa mate. Vyungu vyote vile vimekandwa kwa maji yetu. Wakampa siku tatu. Siku ya nne angesindikizwa.

Nakijwa alikuwa mwanamke wa maneno machache. Mumewe alikuwa amezikwa nyuma ya nyumba ile. Shimo lake la kuchomea vyungu alilichimba kwa mikono yake mwenyewe, na nyikani hakuna udongo wa kufinyanga, kuna vumbi na miiba tu. Kuondoka pale kwake ilikuwa ni kwenda kufa polepole. Alijua hivyo, na hakulia. Alichukua chungu kidogo, akakitega mferejini mlangoni pake, akaimba wimbo wa wafinyanzi huku kikijaa:

Maji, maji, mmekwenda wapi?
Panda kidogo, utatuona.
Maji, maji, nani kawazuia?
Panda kidogo, utamwona.

Aliuimba mara saba ndipo chungu kikajaa. Kabla Kaa hajafukuzwa, alikuwa akiuimba mara nne tu. Nakijwa akakaa chini akawaza. Wawili wamekwenda, na maji yamepungua zaidi. Basi hawakuwa wao, na mimi pia siye.

Kesho yake akamwendea Kiure, jirani yake wa juu, mtu aliyepika chakula chake kwenye chungu cha Nakijwa tangu alipooa. Alimkuta ameinamia maharage yake, anang'oa yaliyokauka. Nakijwa akamweleza habari ya chungu, ya mara nne na mara saba. Kiure alimsikiliza huku hainui uso.

"Kaka Kiure," Nakijwa akasema, "umewahi kumuuliza Nyati?"

"Nimuulize nini Nyati? Kiangazi chote mbuzi wangu wanakula majani ya migomba yake. Nyati akikasirika, mbuzi wangu hawali." Kisha akasema lililokuwa moyoni, na alilisema bila ubaya wowote. "Wewe ukikasirika, dada, utanifanya nini?"

"Hakuna," akasema Nakijwa.

"Ndiyo hivyo."

Nakijwa akainuka, akakung'uta nguo. Alipofika mpakani akageuka.

"Nikiondoka mimi, mkiani atabaki nani?"

Siku ile Kiure hakula.

Siku ya nne watu wakakusanyika mapema. Nakijwa akatoka na mzigo wake kichwani na chungu kile kidogo mkononi. Mbega akamwonyesha njia ya kushuka. Nakijwa akamsalimia kwa heshima zote, akasema kwamba anayehama ndiye huchagua njia, na yeye ameichagua. Kisha akageuka, akaanza kupanda kando ya mfereji.

Watu wakaduwaa. Kupanda ni aibu. Lakini kubaki nyuma, kabla hajasema inatosha, ni balaa. Wakatazamana. Mzee mmoja akakohoa, akamfuata. Wa pili akafuata. Mwisho kijiji kizima kikajipanga nyuma ya mjane mmoja, kila mtu akivuka mpaka wa shamba lake kwenda juu kwa mara ya kwanza maishani mwake, macho ameyashusha kwa haya.

Walipofika kwa Kiure, Nakijwa akatega chungu mferejini, akaimba. Niimbieni na nyie.

Maji, maji, mmekwenda wapi?
Panda kidogo, utatuona.

Aliimba mara sita, chungu kikajaa. Hakuweka mzigo chini. Hakusema inatosha. Akapanda.

Walipofika kwa Nungunungu, akatega chungu, akaimba.

Maji, maji, mmekwenda wapi?
Panda kidogo, utatuona.

Mara tano, chungu kikajaa. Watu sasa walikuwa wanahesabu pamoja naye, kimoyomoyo. Nungunungu aliuliza ni kwa nini hata kwake ni mara tano, wakati yeye hana wa kumlaumu ila walio chini yake. Nakijwa hakuweka mzigo chini. Hakusema inatosha. Akapanda.

Wakafika kwenye ua wa masale. Mfereji ulitoka chini ya ua ule ukiwa mwembamba, hata mtoto angeuruka. Na pale penye lango alikuwa amesimama Nyati, na Mbega yuko ubavuni mwake, amekwisha wahi kumpasha habari.

Nyati hakupiga kelele. Wakubwa hawana haja ya kupiga kelele. Alimkaribia Nakijwa akasema naye kwa upole kama baba. Alisema amesikia anaonewa, na jambo hilo limemuuma sana. Alisema humu ndani kuna kiwanja karibu na maji, kina udongo mweusi usiopasuka motoni. Atapewa kiwanja hicho, yeye na ukoo wake wote utakaokuja.

"Weka mzigo chini, mwanangu," akasema Nyati. "Sema inatosha. Hawa warudi makwao."

Nisiwadanganye. Nakijwa aliliwaza. Shingo ilikuwa inamuuma kwa mzigo, na maisha yake yote alikuwa akiutafuta udongo usiopasuka. Hata mimi ningeliwaza, na wewe Mbonea usingewaza hata kidogo, ungeketi hapo hapo. Alisimama na mzigo wake mpaka watu wakaanza kuguna.

Kisha akauliza, "Na mkiani?"

"Mkiani hakuna mtu tena," akasema Nyati.

Maneno hayo yalimpita Nakijwa yakamfikia Kiure, aliyekuwa amesimama nyuma yake. Kiure akageuza shingo akatazama chini alikotoka. Aliiona nyumba ya Kaa, tupu. Aliiona ya Fuko, tupu. Aliiona ya Nakijwa, mlango wazi. Baada ya hizo aliiona yake.

"Mkiani nipo mimi," akasema.

Nyati akamkumbusha habari ya mbuzi wake.

"Mbuzi wangu wanakula majani yako," akasema Kiure. "Maharage yangu yanakunywa nini?"

Akaushika ua wa masale kwa mikono miwili, akautenganisha, akapita. Hakuvunja hata shina moja, maana masale ni mmea wa amani, hayavunjwi ovyo. Nakijwa akapita nyuma yake na mzigo wake. Nungunungu akapita, na watu wote wakapita, kwa kuwa aliyekuwa akisindikizwa alikuwa bado hajasema neno lake.

Ndani, katikati ya migomba, wakaliona. Lilikuwa bwawa. Lilikuwa pana kuliko uwanja wa ngoma, limejaa maji na matope mazuri ya kugaagaa, na kwenye kingo zake zilionekana nyayo za Nyati mmoja tu. Mfereji wote uliingia humo mzima, na upande wa pili ukatoka mwembamba kama uzi.

Nyati akaja nyuma yao, akasema bwawa hilo ni la baba yake, lilikuwa dogo tu, la ndama. Yeye aliliongeza kidogo kila lilipombana, na lilikuwa linambana kila mwaka.

Nungunungu alikuwa amesimamisha miiba yote mgongoni. Akamuuliza Nyati ni kwa nini aliwaacha wamfukuze Kaa, na wamfukuze Fuko.

"Sikumfukuza mtu mimi," akajibu Nyati. "Mbega alipiga pembe tu. Njia ya kushuka mliijua wenyewe."

Jamani, neno hilo liliwachoma. Liliwachoma kwa kuwa lilikuwa la kweli, na lilitoka kinywani mwa mwongo. Mbega alipiga pembe, ndiyo, lakini shingo ziligeuzwa na wenyewe. Mtu wa chini huonekana vizuri sana. Tundu la nguo yake linaonekana, na uchafu mlangoni mwake, na wingi wa watoto wake. Ukimsukuma hainuki kukusukuma. Wa juu ana masale, na ana majani ya mbuzi wako, na shingo inauma kumtazama. Basi watu huchagua shingo isiyouma.

Nakijwa akawapita wote, akazunguka bwawa, akaenda upande wa juu, mahali mfereji unapoingia. Akatega chungu mara ya mwisho. Akafungua kinywa aimbe.

Maji, maji, mme...

Chungu kikajaa, kikamwagika, kikamlowesha miguu.

Ndipo Nakijwa akashusha mzigo kichwani. Akauweka chini, ukingoni mwa bwawa la Nyati, mbele ya kijiji chote.

"Inatosha," akasema.

Hawakuwa na majembe, walikuja kusindikiza. Walichimba ukingo wa bwawa kwa mikono, kwa vijiti, kwa vigae kutoka mzigoni mwa Nakijwa. Nungunungu alichimba kwa pua. Mbega, baada ya kutazama huku na kule na kuona upande ulioelemewa na watu, naye alitupa pembe akaanza kuchota matope, na watu wakamjua ni mtu wa namna gani. Nyati aliachiwa kidimbwi cha ndama, kama alivyokirithi. Maji yakashuka. Yakapita kwa Nungunungu, yakapita kwa Kiure, yakafika mkiani, ambako hapakuwa na mtu wa kuyapokea.

Kiure alimfuata Nakijwa amwombe radhi. Alianza maneno marefu. Nakijwa akamkatiza, akamwambia radhi yake aipeleke nyikani, wapo wawili kule wanaoihitaji kuliko yeye, na aondoke sasa hivi kabla jua halijawa kali.

Kiure alishuka nyikani, akatafuta siku tatu. Alimpata Kaa chini ya jiwe, watoto wamepungua. Alirudi naye, lakini Kaa hakurudi kama alivyokwenda. Mpaka leo hutembea ubavu ubavu, macho kayatoa nje, moja linatazama juu ya mfereji na jingine linatazama watu, maana hamwamini tena yeyote. Fuko hakurudi. Alikuwa amechimba akaingia ardhini kwa aibu ya jambo ambalo hakulifanya. Kiure alimwita kwenye kila shimo. Mpaka leo ukimwita Fuko, hatoki.

Tangu hapo msaragambo huanzia juu, kwenye chemchemi, na wote huteremka pamoja. Nakijwa alibaki mkiani kwa hiari yake, karibu na kaburi la mumewe, na vyungu vyake viliendelea kupasuka kimoja kimoja kama kawaida. Wala msidhani watu walipona kabisa ugonjwa ule. Mwaka wa pili maharage yalikufa kwa ugonjwa wa kutu, na mtu mmoja akafungua mdomo kusema wa mkiani wameleta kutu. Lakini Kiure alikuwepo, akamuuliza swali moja tu: je, umepanda ukaangalia? Mtu yule akafunga mdomo. Siku nyingine Kiure hakuwepo, na mambo hayakwenda vizuri hivyo. Ndiyo sababu nawasimulia, muwepo nyie.

Sasa turudi kwa Mbonea. Ulisema moto umefifia kwa sababu watu wa nyuma wamezibeba kuni. Nimewatazama muda wote nikisimulia. Wamekaa chini kwenye umande, mikono mitupu, wamekumbatiana kwa baridi. Mimi nimekaa hapa mbele, joto linanifikia mpaka magotini, na nimekaa juu. Juu ya nini?

Nishikeni mkono niinuke. Gogo hili ni kavu tangu mwaka jana, na nimelikalia kila jioni bila kufikiri. Lete shoka, Mbonea. Nyie wa nyuma, sogeeni hapa mbele.

Hadithi yangu naitua hapa, kando ya chungu cha Nakijwa.